Kambare Asiye na Mvuvi

Tulimwacha Athanasie mlangoni mwa ofisi moja ya mjini, ameambiwa kwamba mizani ya bucha haitambuliwi.

Aliyelikosa gazeti lililopita asihangaike, mambo yenyewe si mengi. Athanasie ni mama wa makamo, mzaliwa wa Rumonge kule Burundi, mkimbizi hapa Kigali tangu ule mwaka wa sabini na mbili. Anauza ndagala, dagaa wa kwao, sokoni Remera. Jumamosi moja alikwenda ziwa Muhazi, akakodi mtumbwi wa kijana mmoja aitwaye Kalisa, akatupa ndoana, akamtoa kambare ambaye watu wa ufuoni walimzunguka kimya kana kwamba wamefika msibani. Bucha la Remera likasema kilo thelathini na moja.

Sasa, kuna Chama cha Wavuvi wa Ndoana. Kina ubao wake mjini, na juu kabisa ya ubao huo limekaa jina la padri mmoja Mbelgiji na samaki wake wa kilo kumi na nane. Sheria ya chama inasema anayeivunja rekodi anaingia uanachama bila kudhaminiwa na mtu, na mwanachama ana kibali cha kuvua Muhazi maisha yake yote.

Athanasie hakuwa na kibali. Walinzi wa ziwa walishamkatia mishipi yake mara nyingi hata akaacha kuwachukia. Kwake yeye samaki yule hakuwa kitoweo. Alikuwa mlango.

Basi kesho yake asubuhi akaingia buchani, na Habiyaremye, mwenye bucha, hakuitika salamu.

"Mama, hii samaki yako leo inatoka," alisema akiendelea kunoa kisu.

"Bwana Habiyaremye, si tulikubaliana akae kwenye friza mpaka chama kimwone?"

"Chama haiko nanunua nyama kwangu. Wateja ndiyo wananunua. Jana madamu mmoja alirudisha nyama yake hapa, anasema ng'ombe yangu iliogelea Muhazi."

Athanasie alifunua friza. Kambare alikuwa amelala mshazari, mkia umekunjwa kwa sababu friza lilikuwa fupi, ndevu zimeganda zimeelekea juu. Umeme wa siku hizi nao ulikuwa wa kubahatisha tangu vita ianze huko kaskazini. Usiku ule ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Chini ya samaki kulikuwa na maji.

Mumewe, Ndihokubwayo, alikuwa amemfuata. Ni fundi cherehani, mtu mpole, na siku zile upole wake ulikuwa umeanza kupungua.

"Mama Alida, tumkate," alisema. "Nusu tuuze, nusu tule, majirani wapate supu. Watu wa Remera wote wamemwona. Unataka nani mwingine amwone?"

"Nataka amwone mwenye mhuri, Baba Alida."

"Mwenye mhuri atamwona akiwa amenuka."

Athanasie alifunika friza. Alijua mumewe hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma.

Katibu wa chama alifika jua likiwa limeshapanda. Aliitwa Gratien. Suti safi, sauti ya chini, mikono laini. Athanasie alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali, maana mtu mkali unaweza kugombana naye mkamalizana. Gratien hakuwa na pa kumshika. Alikuwa anakukatalia jambo kama anayekupa pole.

"Madamu, samaki ni mzuri sana," alisema. "Hongera. Lakini lazima apimwe kwenye mizani yenye alama ya serikali. Kuna moja kwenye ghala la kahawa, Gikondo."

"Twende."

"Kwenye gari langu hapana, utanisamehe. Viti ni vya kitambaa."

Ikabidi itafutwe pikapu. Kambare akafungwa kwenye magunia, Athanasie akakaa nyuma pamoja naye, Ndihokubwayo akakaa upande wa pili akiwa ameshika mkia. Gratien akatangulia na gari lake safi, vioo juu.

Kule ghalani mwenye mizani aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Hii ni ya magunia," alisema. "Chini ya kilo hamsini mshale haunyanyuki. Samaki wenu hapimiki."

Athanasie alihisi machozi yakija, akayazuia. Hakuwa amelia aliposhindana na samaki mwenyewe, alie kwa ajili ya mshale?

"Weka gunia la kahawa kwanza," alisema. "Tuone linasema ngapi. Halafu tumpandishe samaki juu yake."

Mwenye mizani alimtazama Gratien. Gratien alitazama dari.

"Sheria inasema samaki apimwe," alisema polepole. "Haisemi samaki na kahawa."

"Inakataza?"

"Haikatazi. Ila haisemi."

Walibishana pale, vibarua wakaacha kupakia magunia ili wasikilize. Mwishowe Gratien akakubali, si kwa sababu alishawishika, bali kwa sababu samaki alikuwa ameanza kudondosha maji kwenye viatu vyake. Gunia likapanda, likasema sitini. Kambare akapanda juu ya gunia. Tisini na kitu kidogo.

"Thelathini na nusu," alisema mwenye mizani.

"Pamoja na barafu," alisema Gratien.

"Barafu gani?"

"Ile iliyomganda tumboni na kwenye mapezi, madamu. Hatuwezi kutambua barafu."

Basi mama wa watu akapiga magoti kwenye sakafu ya ghala la kahawa akamkwangua samaki wake barafu kwa kisu cha kuazima. Kila kipande kilichodondoka kilimuuma kama kimetoka mwilini mwake. Aliwaza kuwa akikwangua kidogo atashtakiwa udanganyifu, akikwangua sana atamchuna ngozi. Ndihokubwayo alikuwa amesimama pembeni. Alivua koti lake, akaliweka chini ya magoti ya mkewe.

Wakampandisha tena.

"Ishirini na tisa."

Gratien aliitazama mizani mbele, akazunguka akaitazama kwa nyuma. Halafu akasema neno ambalo Athanasie hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Imekubaliwa."

Hebu fikiria furaha ya mtu ambaye siku zote amekuwa akiambiwa hapana. Athanasie hakupiga kelele. Alikaa tu juu ya gunia akashika kichwa cha samaki kwa mikono yote miwili.

"Bado shahidi," alisema Gratien.

"Shahidi wa nini tena?"

"Aliyekuwepo samaki anatoka majini. Kamati inakaa leo alasiri, Kiyovu. Baada ya leo haikai tena mpaka tutakapotangaza, na kwa hali ya nchi ilivyo, madamu, sijui tutatangaza lini. Uje naye leo."

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, yule Kalisa mwenye mtumbwi. Na Kalisa alikuwa Muhazi.

Bahati moja ilikuwepo. Tangu jana yake Athanasie alikuwa ameshamtumia Kalisa salamu kwa dereva wa basi la Muhazi, kwamba aje Remera bila kukosa. Bahati mbaya ni kwamba siku hizo mtu hatoki komini yake, yaani tarafa yake, kuja Kigali hivi hivi. Anahitaji karatasi ya ruhusa kutoka kwa burugumesta, mkuu wa komini, na burugumesta siku hizo alikuwa na mikutano mingi ya vyama vya siasa kuliko siku za kazi.

Wakamngoja Kalisa pale Remera, nje ya uwanja wa mpira wa Amahoro, kambare yumo nyuma ya pikapu amefunikwa majani ya migomba waliyoyaomba njiani. Jua liliwaka. Maji yalitiririka kutoka kwenye pikapu yakaenda mpaka barabarani. Paka wakaja. Ndihokubwayo akawafukuza, wakarudi na wenzao.

"Haji," alisema dereva.

"Anakuja."

"Mama, mimi nina kazi nyingine."

"Anakuja, nimekwambia."

Alipofika, alifika akisukuma baiskeli iliyopasuka gurudumu, shati limeloa mgongo mzima. Kalisa ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye haya. Askari walimshikilia kwenye kizuizi cha barabarani upande wa Ndera, akasema, wakamkalisha chini, wakasoma karatasi yake ya ruhusa, wakaigeuza, wakaisoma upya.

"Waliniuliza nakuja kufanya nini Kigali," alisema. "Nikasema nakuja kumshuhudia samaki. Walidhani nawafanyia mchezo."

"Pole, mdogo wangu."

"Si kitu, dada. Twende."

Lakini Athanasie aliona ile karatasi ya ruhusa bado ameikamata pamoja na usukani wa baiskeli.

Kamati ilikuwa na watu wachache, wamekaa kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja wa Kiyovu, chini ya ule ubao. Mwenyekiti alikuwa mzee daktari wa meno aliyestaafu, na alipomwona kambare pale sakafuni alisimama, akavaa miwani, akamchungulia mdomoni.

"Huyu ni samaki," alisema.

Wote wakakubali kuwa ni samaki. Akaitwa shahidi.

Kalisa alisimama, kofia mkononi. Alitaka kumsaidia Athanasie kwa moyo wake wote. Tatizo lilianzia hapo.

"Mimi nilikuwa nyuma na kafi," alisema. "Ndoana ikashikwa. Tukadhani ni mti. Mti ukaondoka nasi. Huyu dada akavuta, mimi nikamshika, tukavuta, tukavuta, mpaka akatoka."

Gratien aliinua kalamu.

"Mlivuta? Wewe na yeye?"

"Ndiyo. Tulihangaika sana."

Mwenyekiti alivua miwani yake.

"Kijana, sheria inasema mshipi uguswe na mtu mmoja tu. Ukiguswa na wawili, rekodi hakuna."

Athanasie alipiga hatua mbele. Kalisa aligeuka kumtazama, macho yamemtoka, hajui alichokiharibu ila anajua amekiharibu.

"Hakugusa mshipi," alisema Athanasie. "Alinishika mimi."

"Yeye mwenyewe amesema mlivuta."

"Alinishika kiunoni, kwenye kitenge. Ningeanguka majini. Muulizeni vizuri."

"Tuonyesheni," alisema mwenyekiti.

Ndiyo hivyo, ndugu zangu. Mbele ya kamati, mbele ya mume wake, Athanasie akakaa sakafuni akavuta kamba ya pazia, na Kalisa akakaa nyuma yake amemshika fundo la kitenge, uso umemwiva kwa aibu. Ndihokubwayo alitazama dirishani. Mjumbe mmoja akacheka, mwenyekiti akamkazia macho akaacha.

"Mikono yako ilikuwa hapo tu?" mwenyekiti aliuliza. "Haikufika kwenye mshipi?"

"Ningeufikiaje, mzee? Kafi nilikuwa nimelibana kwapani."

Wakanong'ona. Wakafungua kitabu cha sheria, wakakifunga. Athanasie alibaki sakafuni na ile kamba mkononi, amesahau kuiachia.

"Kumshika mvuvi si kushika mshipi," alisema mwenyekiti hatimaye. "Samaki anatambuliwa. Kilo ishirini na tisa. Gratien, andika."

Ndihokubwayo aligeuka kutoka dirishani. Alikuja akamwinua mkewe, na pale pale mbele ya watu akasema, "Mama Alida, umeshinda." Athanasie aliiachia ile kamba. Alijiona tayari Muhazi alfajiri, ndani ya mtumbwi, mlinzi anapita na kumpungia mkono.

"Kitambulisho, madamu," alisema Gratien.

Alikitoa kutoka kwenye kifua chake, kimekunjwa ndani ya nailoni. Gratien alikipokea kwa vidole viwili, akakisoma, akakiweka mezani kwa upole, kama daktari anayeweka kipimo kibaya.

"Hii ni kadi ya mkimbizi."

"Ndiyo."

"Rekodi ni ya raia. Au ya mgeni, kama yule padri, lakini mgeni huleta barua ya ubalozi wake."

"Mimi nitaipata wapi barua ya ubalozi? Nilikimbia."

"Ndiyo maana nakuambia, madamu. Raia si raia, mgeni si mgeni. Sina pa kukuandika."

"Niko hapa miaka ishirini. Nimezaa hapa."

"Najua."

"Umeona samaki mwenyewe. Umempima mwenyewe."

"Samaki hana tatizo," alisema Gratien. "Samaki ametambuliwa."

Athanasie alimtazama mwenyekiti. Mzee wa watu alikuwa anafuta miwani iliyokuwa safi tayari.

"Kuna njia," Gratien aliendelea, sauti ile ile ya pole. "Mtumbwini mlikuwa wawili. Huyu Kalisa ni raia, kitambulisho anacho. Tukimwandika yeye, ubao unapata rekodi, samaki hapotei bure, na sisi sote tunakwenda nyumbani. Tukikosa jina la kuandika, samaki anafutwa. Kamati haitakaa tena karibuni."

Kalisa aliweka kofia kichwani, akaivua.

"Nipeni nafasi nizungumze na dada yangu," alisema.

Wakatoka mpaka kibarazani. Ndihokubwayo alitaka kuwafuata, Athanasie akamwashiria abaki.

"Usinifikirie vibaya," Kalisa alianza.

"Bado sijafikiria. Sema."

"Mimi sitaki jina langu liandikwe popote. Unakumbuka ile Oktoba, vita ilipoanza? Askari walikuja na majina yaliyoandikwa. Langu lilikuwemo, sijui nani aliliweka. Nikafungiwa uwanja wa mpira pamoja na wengine, baadaye gerezani, miezi. Walipotuachia nilijiapia jina langu litabaki mdomoni mwa mama yangu tu." Alipangusa uso. "Sasa hawa wanataka kulipaka rangi ubaoni."

"Basi kataa."

"Nikikataa, unakosa vyote. Nikikubali, mtumbwi wangu unapata kibali. Wewe utavua humo kila utakapopenda. Mlinzi akija nitasema mimi ndiye ninayevua, wewe unanisaidia."

"Mimi nikusaidie wewe?"

"Kwa mdomo tu, dada."

Athanasie alimtazama kijana yule. Alitafuta usoni mwake kama kuna tamaa, hakuiona. Akatafuta tena, akaona kitu kidogo machoni ambacho kingeweza kuwa tamaa na kingeweza kuwa hofu, akashindwa kutofautisha. Alimkasirikia. Halafu akajikasirikia kwa kumkasirikia mtu aliyekalishwa chini kizuizini kwa ajili yake.

"Na siku tukikosana?" aliuliza. "Siku ukiniambia shuka mtumbwini mwangu?"

Kalisa alifungua mdomo ajibu. Mlango ukafunguliwa kabla hajasema.

"Mwenyekiti anataka kuondoka," alisema Gratien. "Kijana, jibu lako?"

Kalisa alimwangalia Athanasie, naye Athanasie hakumpa ishara yoyote, si ya ndiyo wala ya hapana. Kwa nini hakumpa, hata yeye baadaye hakuweza kujieleza.

"Niandikeni," alisema Kalisa.

Wakarudi ndani. Gratien aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri wa mtu anayefurahia kuandika. Jina, komini, kilo, ziwa. Ndihokubwayo alielewa kilichotokea bila kuambiwa, akakaa kwenye kiti cha karibu na kambare, akamwekea mkono mgongoni.

"Hapa pamekwisha," alisema Gratien, akageuza ukurasa. "Imebaki sahihi moja. Ya shahidi."

"Shahidi si huyu?" aliuliza mjumbe yule aliyecheka.

"Huyu sasa ndiye mvuvi. Mvuvi hajishuhudii. Anahitajika mtu mwingine aliyekuwa mtumbwini, aliyeona kwa macho yake Kalisa akimtoa kambare huyu majini. Kushuhudia hakuhitaji uraia."

Akakisogeza kitabu kwenye ukingo wa meza, akamgeuzia Athanasie kalamu, upande wa kushikia ukimwelekea yeye.

"Madamu," alisema kwa adabu. "Weka sahihi hapa kwamba ulimwona."